Shingo ni ya Nani?

Opentrack ni programu ya bure. Inatumia kamera ya laptopu kusoma kichwa chako: ukigeuka, ukiinama au ukisogea mbele, dereva wa ndani ya gemu naye anafanya vivyo hivyo. Mimi huitumia hapa Kiunga na Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori iliyotoka mwaka 2012. Ndiyo, mji wa mchanga na madau, na mimi naangalia kioo cha pembeni nikiingia Rotterdam.

Sasa, skrini iko mbele yako. Huwezi kugeuza shingo nyuzi 90 na bado ukaiona. Ndiyo maana programu ina grafu: huku nyuzi ulizogeuka, huku nyuzi utakazopewa. Unaipandisha hadi nyuzi 20 za shingo ziwe 90 za kwenye gemu. Shida ni kwamba hakikuzwi kile ulichokusudia peke yake. Pumzi inakuzwa. Kikohozi kinakuzwa. Kwa hiyo unaweka vitu viwili: eneo la katikati ambamo mwendo mdogo hauhesabiwi, na kichujio cha kulainisha mtikisiko. Ukikizidisha kichujio, unageuka sasa, gemu inageuka baadaye.

Hapo ndipo linapokuja swali langu: nani anaamua mwendo wangu upi uhesabiwe na upi utupwe?

Ami yangu alikuwa nahodha miaka mingi. Siku hizi shingo yake inatetemeka. Alipokaa mbele ya kamera kwa vipimo vyangu, barabara nzima ilicheza kama dau wakati wa kusi. Tukapanua eneo la katikati, tukaongeza kichujio. Barabara ikatulia tuli.

"Ami, sasa haitikisiki," nikamwambia.

"Haitikisiki kwa sababu mimi simo, mwanangu."

Alikuwa akichungulia kioo polepole, kidogo tu, kama alivyozoea kulitazama tanga, na gemu haikumsikia.

Mtu anaweza kusema jambo ni jepesi: kinachohesabiwa ni nia, mtetemo hauna nia, basi utupwe. Mimi mwenyewe naamini nia ina uzito. Lakini nia haiji peke yake, inakuja na mwili. Tazamo la taratibu la mzee na mtetemo wake vinaweza kuwa na nyuzi zilezile mbili. Kamera inaona nyuzi, haioni zaidi. Anayejua tofauti ni mwenye shingo. Kila namba tunayomwekea mwingine ni makisio, na kukisia si dhambi. Dhambi ni kukisia halafu ukamfichia mahali pa kurekebisha.

Tukamwonyesha ami zile namba zilipo. Akachagua eneo dogo na mtikisiko kiasi. Mimi nikiitazama skrini yake kichwa kinaniuma, lakini yeye anakiona kioo.

Mwaka 2023 Google walitangaza Project Gameface, programu ya kuendesha kompyuta kwa kichwa na ishara za uso, kutokana na Lance Carr, mchezaji gemu Mmarekani ambaye maradhi ya misuli yamemdhoofisha mwili. Ninachokipenda mle ni kwamba mtumiaji mwenyewe anapanga ishara iwe kubwa kiasi gani ndipo ihesabiwe. Wapo watakaoiita starehe ya ziada. Mimi naiita heshima.

Sisi wa mpakani hili tunalijua hata bila kompyuta. Somalia iko hapo tu. Penye kizuizi cha barabarani, shingo iliyogeuka yaweza kuhesabiwa ishara, na mtu aliyenyamaza akahesabiwa amejibu. Kuna mtu kashaamua kipimo, na wewe unayepimwa hukuulizwa. Sidai vizuizi viondolewe kesho, hatari tunaijua vizuri kuliko wanaoisoma magazetini. Nadai kidogo kuliko hapo: anayesomwa aulizwe alikusudia nini, na jibu lake liweze kubadilisha kipimo.