Amri ya kumzuia mume anayepiga: Ni kuvunja ndoa au kuzuia dhulma?

Kila linapozungumzwa suala la mahakama kumwamuru mume asimsogelee mkewe, Waislamu wengi husikika wakisema hayo ni mambo ya Wazungu. Hoja yao ni kwamba ndoa ni sitara, mume ni msimamizi wa nyumba kwa mujibu wa Qur-an (4:34), na kumweka mtu mbali na nyumba yake kwa karatasi ya hakimu ni kubomoa familia. Hoja hii si ya kubezwa, maana Uislamu kweli unapenda sulhu. Lakini tujiulize: Kumzuia anayepiga asimfikie anayepigwa ni kuvunja ndoa, au ni kuzuia dhulma?

Kwanza tuielewe amri yenyewe. Wenzetu wa Kenya walipitisha sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2015. Chini ya sheria hiyo, anayefanyiwa ukatili na mume, mke, mtalaka au ndugu anaweza kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Mahakama yaweza kutoa amri ya muda, kisha ikasikiliza pande zote kabla ya amri kamili. Amri hiyo haimtaliki mtu wala haimpeleki jela. Inamwambia: usimpige, usimtishe, usimfuatefuate. Kosa la jinai linakuja pale anapoivunja. Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi, ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1994, na inawahusu Waislamu pia.

Sasa turudi kwenye fiqhi yetu. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameandika Minhaj, kitabu kikubwa cha madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Humo ameeleza kwamba mume akimuudhi mkewe bila sababu, kadhi humkataza. Akirudia, kadhi humtia adabu. Na kila mmoja akidai mwenzake ndiye mkosa, kadhi huchunguza kupitia mtu mwaminifu anayeijua hali yao, kisha humzuia aliyedhulumu. Waliokisherehesha kitabu hicho wamenakili kutoka kwa Imam Ghazali kuwa mume na mke hao hutenganishwa mpaka mume arejee kwenye uadilifu. Katika madhehebu ya Maliki nako, kadhi aweza kuamuru wanandoa wakae jirani na watu wema ili hali yao ijulikane.

Ndugu msomaji, hiyo ni nini kama si amri ya ulinzi? Ipo kwetu karne nyingi kabla ya mkoloni kukanyaga Zanzibar au Mombasa.

Watakuwepo watakaosema kwamba aya ile ile ya 4:34 imetaja kupiga. Wanazuoni wameliwekea jambo hilo mipaka mizito: pasiwe na jeraha, pasiguswe uso, na kuacha ni bora zaidi. Bi Aisha (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Anayevunja mbavu za mkewe halafu akajikinga kwa aya, huyo hana aya. Na pale Minhaj inapompa kadhi uwezo wa kumtia mume adabu, maana yake ni kwamba usimamizi wa mume una mtu wa kuuhoji.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya Habiba bint Sahl, aliyepigwa na mumewe Thabit bin Qays mpaka akavunjwa kiungo. Alikwenda kwa Mtume (SAW) baada ya swala ya alfajiri. Mtume hakumrudisha nyumbani akasubiri. Alimwita mume, akalisikiliza jambo, na siku hiyo likamalizwa kwa khului. Mwanamke aliyekimbilia kwa kiongozi wa umma alilindwa, hakuambiwa kuwa ametoa siri ya ndani.

Je, sisi tunafanya hivyo? Utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Miongoni mwao wamo dada zetu na binti zetu. Wengi huanzia kwa sheikh wa mtaa au kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza linaweza kunasihi, lakini halina nguvu ya kumzuia mtu. Qur-an (4:35) imeamrisha waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Lakini atasemaje ukweli mwanamke anayejua kuwa kikao kikiisha ataondoka na huyo huyo aliyemvimbisha jicho? Hapo hatujasuluhisha kitu. Tumemnyamazisha aliyedhulumiwa tukaita subira.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Inaipa pia mahakama uwezo wa kumzuia mtu asimbughudhi mwenzi wake, lakini uwezo huo umefungamanishwa na mashauri ya ndoa, kama vile kutengana au talaka. Matokeo yake, mwanamke anayeitaka ndoa yake ila hakitaki kipigo huona mlango ulio wazi ni ule wa kuidai talaka. Wanaoiogopa amri ya ulinzi kwa kulinda ndoa walitazame hilo vizuri. Amri inayomweka mume mbali mpaka atulie, na wazee wakapata nafasi ya kuzungumza naye, huenda ikaiokoa ndoa ambayo kipigo kingeimaliza.

Ipo hofu ya kusingiziwa, nayo ni ya haki. Dawa yake imo ndani ya Minhaj: uchunguzi, shahidi mwaminifu na kusikiliza pande mbili. Na mlango huo ni wa wote, hata mzee anayepigwa na mwanawe.

Kwa hiyo masheikh wetu, anapokuja mwanamke mwenye alama za kipigo, swali la kwanza lisiwe amekosa nini. Liwe: leo usiku atalala wapi kwa amani? Apelekwe kwa wazazi wake au kwa jirani mwema, apelekwe dawati la jinsia la polisi, na sheikh awe tayari kusimama mahakamani kueleza alichokiona. Sulhu ije baada ya hapo.

Mtume (SAW) ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa. Masahaba walipouliza vipi atanusuriwa dhalimu, akawajulisha kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Mume anayezuiwa leo asiue kesho, naye amenusuriwa.

Wabillahi Tawfiq.