Chuma Kilichoanguka Ukambani na Elimu Tuliyoiacha

Ndugu zetu Waislamu,

Tulipokuwa Kathiani, katika Machakos, vijana wa huko walituuliza: lile duara la chuma lililoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, lilikuwa adhabu, au ni dalili ya Kiyama? Tulisikitika, maana hata hapa pwani tumewasikia watu wazima wakiyasema hayo hayo.

Jawabu letu ni kuwa halikuwa hili wala lile. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya roketi, upana wake kama mita 2.5 na uzito kama kilo 500. Ni kazi ya mikono ya binadamu. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akaikanusha dhana hiyo, na hali mfiwa ni yeye. Basi vipi sisi tuipokee khurafa aliyoikataa yeye?

Wala elimu hii haikuwa ngeni kwetu. Katika karne ya 13 Hasan al-Rammah wa Sham aliandika namna ya kuisafisha shura na kutengeneza mishale irukayo kwa baruti. Huko Mysore, Bara Hindi, majeshi ya Hyder Ali na mwanawe Tipu Sultan yaliwapiga Waingereza kwa roketi za chuma. Tipu alipouawa mwaka 1799 roketi zile zikapelekwa Uingereza, na William Congreve akazichungua, akatengeneza zake. Sisi tukalala, wenzetu wakasoma. Warusi wakarusha Sputnik mwaka 1957, na mwaka 1961 wakampandisha Gagarin. Hata mlangoni petu, Ngomeni karibu na Malindi, Wataliana walikirusha chombo cha Wamarekani kilichoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, na sisi tulikuwa watazamaji.

Asemaye kuwa hisabati na fizikia ni elimu za makafiri amewadhulumu watoto wetu. Qur'ani imetuhimiza kuzitafakari mbingu, na elimu ambayo umma wauhitajia ni faradhi ya kifaya: ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Basi mwana aendaye chuoni kusoma Qur'ani na aende pia skuli kusoma hisabati, wa kiume na wa kike. Vijana wa Kathiani hawana lawama kwa kuuliza. Lawama ni yetu sisi tuliokabidhiwa kuwafunza.

Wabillahi ttawfiq.