Paa Moja, Familia Sita

Je, anayechora ramani ya hatari ana deni kwa aliyechorwa? Swali hili lilinipata Tandale mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulipotupeleka wanafunzi mitaani na simu mkononi. Picha za droni zilionyesha mapaa. Sisi tulipita vichochoroni kuongeza mitaro, visima na vyoo. Kisha programu ya InaSAFE ililaza tabaka la maji juu ya tabaka la majengo na kukadiria wangapi watakosa makazi, hata chakula watakachohitaji.

Kina cha maji tuliwauliza wakazi. Desemba 2011 yalifika wapi? Walijibu kwa miili yao: kifundoni, magotini, kiunoni. Bibi mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aligusa kifua. Halafu akaniuliza yeye: "Mwanangu, mkishajua yanafika hapa, mtatuchimbia mtaro au mtatuondoa?"

Mwisho wa mwaka uleule kuta za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X nyekundu, tingatinga likafuata. Sisemi ramani zetu ndizo zilizoliita. Watu wa mabondeni waliambiwa wahame tangu zamani, na baada ya mafuriko ya 2011 wengine walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Ila ukweli ni kwamba karatasi inayomwonyesha mwokoaji nyumba ya kukimbilia humwonyesha mbomoaji nyumba hiyohiyo.

Wenzangu walinitolea mfano wa Haiti. Tetemeko la Januari 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, watu wa kujitolea duniani kote waliichora kwenye OpenStreetMap kwa siku chache, wakitumia picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia. Nani angengoja ruhusa ya aliye chini ya kifusi? Nakubali. Lakini Tandale hatukuwa na kifusi. Tulikuwa na muda, na mwenye muda hawezi kujificha nyuma ya dharura.

Tena kuna jambo droni haiwezi kuliona. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita mara nyingi ina familia sita, zote zikiwa wapangaji, na mwenye nyumba anaishi kwingine. Kwenye modeli hilo ni paa moja. Fidia ikija, kwa kawaida humfuata mwenye jengo; mpangaji hubeba godoro lake na kutafuta chumba kingine cha bei ileile, ambacho mara nyingi (ajabu gani?) kiko bondeni.

Ningekuwa na sauti, ramani ingebandikwa kwanza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kabla ya wizara yoyote kuiona, watu waifuate kwa kidole na kukosoa. Na kwenye fomu ya simu, chini ya "aina ya paa" na "idadi ya ghorofa", ningeongeza mstari mmoja: nani analipa kodi hapa, na akihama ataenda wapi.