Msimulizi Aliyebadilika

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Makadara alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI yenye sumaku ya tesla 1.5. Mwaka uliofuata akapelekwa kwingine, kwenye tesla 3, na picha zikapimwa kwa toleo jipya la programu. Ripoti ikasema hipokampasi, sehemu inayoshughulikia kumbukumbu, imepungua. Mwanawe alinifuata msikitini baada ya alasiri akaniuliza, "Maalim, babangu ndiyo ashaanza kutuponyoka?"

Mchana napiga picha kama hizo; jioni nasomesha elimu ya hadithi za Mtume. Swali lake lagusa kazi zangu zote mbili: tukiambiwa kitu kimebadilika, kimebadilika chenyewe, au amebadilika shahidi wake?

Mwaka 2012, Ed Gronenschild na wenzake wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha utafiti ambamo picha zilezile za ubongo zilipimwa kwa matoleo matatu ya programu ya FreeSurfer. Ukubwa wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8 kati ya toleo na toleo. Hata kuhamia kompyuta ya aina nyingine kulileta tofauti, ingawa ndogo zaidi. Hapakuwa na mtu aliyezeeka hapo wala seli iliyokufa. Programu ndiyo iliyochora mipaka ya tishu mahali pengine. Mashine nazo zina yao: kila moja huipinda picha kidogo kwa namna yake.

Wanavyuoni wa hadithi walikutana na jambo hili kabla ya umeme. Msimulizi Ataa bin Saib wa mji wa Kufa, aliyefariki karibu na mwaka 136 Hijria, alikuwa mkweli, lakini uzeeni hifadhi yake ilichanganyika. Hawakumtupa, wala hawakumpokea kiholela. Walimuuliza kila aliyepokea kwake: ulimsikia lini? Wanafunzi wake Shuuba na Sufyan Thauri walimsikia mapema, riwaya zao zikategemewa. Mwanafunzi mwingine, Jarir, alimsikia baadaye, na zake zikatiliwa shaka. Ukweli wa mtu haukutosha. Ilitakiwa ijulikane alikuwa katika hali gani siku aliposimulia.

Toleo jipya la programu mara nyingi ni bora kuliko la zamani, na hapo ndipo wengi hutulia. Lakini ubora hauondoi tatizo. Vipimo viwili vya matoleo mawili ni maneno ya wasimulizi wawili, na kuyatoa moja kwa jingine kisha kuita tofauti "ugonjwa" ni kumshuhudilia mtu jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Nilimwambia kijana alete diski zote mbili, maana karatasi ya ripoti haipimiki upya. Picha ya zamani na mpya zipitishwe kwenye programu moja, toleo moja, kompyuta moja. Tofauti ya sumaku itabaki, kwa hivyo picha zijazo zipigwe kwenye mashine ileile. Huenda hipokampasi imepungua kweli, na kama mzee anasahau, daktari amchunguze bila kungoja picha. Ila fiqhi yatufundisha kwamba yakini haiondolewi kwa shaka, na uzima wa akili ya mtu ni yakini yenye heshima kubwa.

Je, anayepima bila nia ya kudanganya ana dhima? Naamini anayo. Sura ya Al-Mutaffifin yawaonya wanaopunja vipimo kwa kusudi. Sisi hatupunji kwa kusudi, lakini tukijua kipimo kimebadilika na tukanyamaza, kunyamaza huko ndiko kusudi letu. Kwa hivyo kila ripoti na iandike nguvu ya sumaku, aina ya mashine, jina la programu na nambari ya toleo, kama isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi, inavyotangulia hadithi. Ni mstari mmoja tu wa wino, na mgonjwa ana haki nao kama alivyo na haki ya dawa.