Ngurumo za Pikipiki na Ujira wa Fundi

Tumeletewa suali na fundi mmoja wa pikipiki wa Garissa. Vijana humwendea wakitaka awatobolee sailensa, ili chombo kingurume na kulia kama bunduki. Je, ujira huo ni halali kwake? Twalijibu hapa kwa kuwa udhia huu uko Mombasa na Malindi vile vile.

Husemwa kwamba chombo ni mali ya kijana, naye hajamgusa mtu. Hoja hii ni dhaifu. Sauti ikishatoka bombani humwingilia mgonjwa, mtoto mchanga na mwenye kusali bila ya kubisha hodi. Na Garissa si mji wa kuchezewa kwa milio ya namna hiyo. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu chake. Aliyeisikia milio ya siku ile, akigutushwa usingizini na mfano wake, atajuaje kwamba huu ni mzaha?

Masahaba walichukua kamba ya mwenzao aliyelala, akazindukana kwa hofu, Mtume (S.A.W.) akakataza Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Naye alipokuwa katika itikafu akasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu, alifunua pazia akawakataza wasiudhiane. Ikiwa kisomo hakikuwa udhuru, bomba la moshi litakuwaje? (Na sisi wenye vipaza sauti misikitini hadithi hii yatuhusu. Adhana ni haki. Darsa la saa 4 usiku kusikizishwa mtaa mzima ni jambo jingine.)

Wako wasemao kuwa sheria ya kelele ni ya Nairobi, haituhusu. Hatuafiki. Kanuni za mwaka 2009 zakataza gari kupita desibeli 84 linapoongeza mwendo, na penye nyumba za ibada zaweka mpaka wa 40 mchana na 35 usiku. Tena Katiba ya 2010 imeutia udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti, basi Garissa yenyewe yaweza kutenda. Sheria yenye kulinda usingizi wa jirani yatupasa kuitii, awaye yote aliyeiandika.

Ama fundi, kazi yake ni njema. Lakini kutoboa sailensa hakukizidishii chombo manufaa ila udhia, na mwenye kusaidia udhia ni mshirika wake. Ujira huo hatuuoni kuwa halali. Kijana akisema atakwenda kwa fundi mwingine, na aende. Akirudi kutaka kufungiwa sailensa nzima, bei ya kazi hiyo ni halali tupu.