Mwenye Cherehani Ni Nani?

Fikihi ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imewaongoza wafanyabiashara wa pwani yetu, hairuhusu kuuza samaki aliye bado baharini wala ndege aliye angani. Sababu yake ni gharari: mnunuzi anatoa fedha kwa kitu ambacho hana hakika ya kukishika. Tena anayeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichika ana haki ya kukirudisha. Kanuni hizi mbili zina msingi mmoja, nao ni kwamba bei peke yake haimfanyi mtu kuwa mwenye mali. Mali yenyewe sharti ifike mkononi mwake. Cherehani ya kielektroniki inayoshona leo na kugoma kesho bila kutoa sababu inalifufua swali hilo. Iko mezani, risiti iko kabatini, na hakuna anayemdai mnunuzi hata senti. Je, imemfika mkononi?

Nasema bado, na hoja yangu inaanzia kwenye ahadi. Chombo cha kazi si pambo la sebuleni. Thamani yake ni yale ambayo mwenyewe anaweza kuwaahidi watu kwa kukitegemea. Anayepeleka kitambaa cha gauni la harusi akaambiwa aje Ijumaa haamini mashine, anamwamini fundi. Ahadi ni deni, na deni hilo haliwezi kuandikwa kwa jina la chuma na nyaya. Saketi ikigoma Alhamisi usiku, atakayesimama mbele ya bibi harusi ni mtu, ilhali uwezo wa kuondoa tatizo hanao. Na mashine kigeugeu ina madhara zaidi kuliko iliyokufa kabisa, kwa kuwa iliyokufa inamzuia mtu kuahidi, lakini ile inayofufuka kila mara inamvuta aahidi tena. Hata haki ya kurudisha haimsaidii sana, maana kasoro inayokuja na kuondoka haina shahidi: ikifikishwa dukani, inashona vizuri. Mzigo umebaki kwa mnunuzi, uwezo umebaki kwingine. Umiliki uliogawanyika hivyo ni nusu umiliki.

Si lazima mambo yawe hivyo, na historia ya chombo hiki inathibitisha. Tangu Elias Howe alipopata hataza yake Marekani mwaka 1846, kanuni ya mshono wa nyuzi mbili haijabadilika: sindano yenye tundu karibu na ncha inashusha uzi wa juu, kitanzi kinajitokeza chini ya kitambaa, na uzi wa chini unapitishwa ndani yake. Katika cherehani ya kukanyaga, mwendo wote huo unafuatika kwa macho, kutoka mguuni hadi kwenye mkanda, gurudumu na sindano. Uzi wa juu ukilegea, vitanzi vinatokeza upande wa chini wa nguo, na aliyezoea anasoma kosa hapohapo. Kampuni ya Singer ilipotoa Athena 2000 mwaka 1975, vipande vya elektroniki vilichukua kazi ya kuchagua mishono iliyokuwa ikifanywa na vyuma. Wepesi uliongezeka, lakini sehemu ya kazi ikahamia mahali ambapo jicho halifiki. Kiswahili kinatupa neno la kupimia hasara hiyo, kwani fundi na kufundisha ni maneno ya shina moja. Chombo kinachokosea waziwazi kinamfunda mwenyewe, na kinachokosea gizani kinamwacha akibahatisha.

Atatokea wa kupinga kwamba kosa mara nyingi ni la mshonaji: sindano imebutuka, uzi umepitishwa vibaya, vumbi la kitambaa limejazana chini ya meno. Ni kweli, na ukweli huo unaipa hoja yangu nguvu. Lawama isiyojulikana inakaa wapi, kwa mtu au kwa mashine, hairekebishi yeyote kati yao. Mwingine atasema kwamba mfugaji naye haoni yaliyomo tumboni mwa ng'ombe wake, lakini hakuna anayetilia shaka umiliki wake. Naam, lakini maarifa ya ng'ombe hayakufungiwa. Wazee wanayo, daktari wa mifugo anayo, na mfugaji akitaka atajifunza. Kutojua si tatizo, maana hakuna ajuaye yote. Tatizo ni kufungiwa mlango wa kujua. Wala hili si shauri dhidi ya mashine mpya, kwani mota inamwokoa mwenye miguu dhaifu, na tundu la kifungo linatoka safi kwa kubonyeza mara moja. Mahatma Gandhi mwenyewe, pamoja na ukali wake dhidi ya mashine, aliitetea cherehani ya Singer, kwa kuwa aliona imebuniwa kumpunguzia binadamu taabu. Kipimo ni kama taabu imeondoka kweli au imegeuzwa wasiwasi.

Pingamizi zito zaidi ni la kidini: kila ahadi ya mja inaambatana na inshallah, basi kwa nini tudai kwa chombo hakika ambayo hatuna hata kwa pumzi zetu? Lakini mafundisho ya Mtume kuhusu ngamia yanajulikana: mfunge kwanza, kisha tawakali. Tawakali inaanza pale juhudi ya mja inapokoma, na kufunga ngamia kunataka kamba iwe mkononi mwa anayefunga. Anayenunua cherehani kwa kuhesabu aina za mishono amesahau kuuliza swali la kwanza, yaani ikigoma, nani karibu naye anaweza kuifungua, na kwa vipuri gani. Kama jibu ni hakuna, basi ngamia anaye, ila kamba ameishika mtu mwingine, na inshallah yake inabeba kazi ambayo Mungu alimwachia yeye.