Matumizi, Akiba na Mkusanyo: Mtu Awe na Sabuni Ngapi?

Swali la makala haya laweza kuonekana dogo mno kwa jarida la walimu: mtu anayejinyoa ndevu nyumbani kwake awe na sabuni ngapi za kunyolea? Hata hivyo tumelichagua kwa makusudi. Wanafalsafa wanapozungumzia kiasi, aghalabu huchukua mifano ya dhahabu, mashamba na majumba ya kifalme. Na msomaji wa kawaida, asiye na hata kimoja kati ya hivyo, hufunga kitabu akiamini kwamba hakuandikiwa yeye. Sabuni haimpi mtu mwanya huo wa kukwepa. Ni kitu cha lazima, bei yake si kubwa, na jina lake limevuka mipaka pamoja nacho: Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, Waganda husema sabbuuni, na Wanyarwanda husema isabune. Tukiweza kujua ni lini sabuni zimetosha, huenda tukajua pia ni lini vitu vingine vimetosha.

Kwanza tueleze hali yenyewe. Katika karne ya 19 mwanamume wa Ulaya aliyejinyoa nyumbani alitumia wembe wa kukunja, burashi ya manyoya, na sabuni ngumu iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Sabuni ya namna hii hupikwa kwa mafuta yenye asidi ya steariki kwa wingi, pamoja na potashi na soda, na ndiyo maana povu lake huwa zito wala halikauki upesi usoni. Yako maduka ya London yaliyojipatia sifa kwa vifaa vya kunyolea, kama vile Truefitt & Hill lililoanzishwa mwaka 1805, na Taylor of Old Bond Street la mwaka 1854. Mwaka 1904 King C. Gillette alipata nchini Marekani hati ya uvumbuzi wa mashine ya kunyolea yenye wembe mwembamba wa kutupwa, na kufikia katikati ya karne ya 20 lilikuwa limekuja povu la kopo, lisilohitaji burashi wala bakuli. Wengi wakaiacha sabuni. Lakini katika karne hii ya 21 wako wanaume wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini walioirudia, si kwa uhaba bali kwa kuipenda. Mafundi wadogo wadogo huwapikia sabuni za kila harufu: sandali, limau, waridi, tumbaku. Na baadhi ya wapenzi hao hawana moja au mbili. Wana makumi, na wengine wamepita mia.

Sasa na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuchukue kipande cha gramu 100, na tukadirie kwamba mtu hutumia gramu moja kila anyoapo. Akinyoa kila siku, kipande hicho kitamtosha siku 100, na kwa mwaka mzima hatamaliza vipande vinne. Mwenye vipande 40 anazo siku 4,000, yaani takriban miaka 11. Mwenye vipande 200 anazo siku 20,000, ambazo ni karibu miaka 55. Ikiwa ana umri wa miaka 40 leo, basi sabuni ya mwisho ataifungua akikaribia miaka 95, ikiwa Mungu atamjalia umri huo na ndevu za kunyoa.

Msomaji huenda amekwisha kucheka. Lakini si haki kumcheka mtu kabla ya kusikiliza hoja zake, na mwenye sabuni 200 anazo hoja. Husema, kwanza, kwamba kubadilisha harufu humfanya aifurahie kazi ambayo wengine huiona kero. Husema, pili, kwamba fundi aweza kuacha kupika sabuni fulani wakati wowote, kwa hiyo ni busara kuiwekea akiba, na akiba haiozi. Husema, tatu, kwamba kila sabuni ni kazi ya mikono ya mtu, na kuihifadhi ni kuuheshimu ufundi. Hatuoni hoja ya kipuuzi kati ya hizi tatu. Furaha ndogo ya asubuhi si dhambi, tahadhari si uchoyo, na heshima kwa ufundi ni jambo la kusifiwa.

Tatizo, kwa maoni yetu, ni kwamba hoja hizi tatu zinatetea mambo matatu tofauti, na mwenye sabuni huziita kwa zamu kadiri anavyobanwa. Akiulizwa mbona hazitumii, hujibu kwamba ni akiba. Akiulizwa ni akiba ya dharura gani inayodumu miaka 55, hujibu kwamba ni mkusanyo. Akiulizwa mbona katika mkusanyo huo hakumbuki hata alicho nacho, hujibu kwamba sabuni ni kitu cha matumizi, atazitumia tu. Hapa sisi walimu wa lugha tunayo ya kusema, kwa kuwa tumezoea kuwakumbusha wanafunzi kwamba maneno mawili yasiyo na maana moja yasibadilishane nafasi katika sentensi.

Basi tuyapambanue. Matumizi mpaka wake ni mwili: uso ni mmoja, na siku ina asubuhi moja. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alieleza kwamba hakuna chombo cha kazi yoyote kisicho na mpaka, kwa idadi au kwa ukubwa, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo inayokiwekea mpaka. Utafutaji wa fedha kwa ajili ya fedha ndio usiokuwa na mwisho. Sabuni ikiwa chombo cha kunyolea, basi nne au tano zatosha, hata kwa mpenda harufu nyingi.

Akiba mpaka wake ni hatari inayokingwa. Mkulima huweka ghalani chakula cha kumfikisha mavuno mengine, na pengine zaidi kidogo kwa kuhofia ukame. Haweki cha wajukuu. Tena methali isemayo kwamba akiba haiozi yafaa ielezwe vizuri darasani, kwa maana inasifu tabia ya kuweka, wala haielezi sifa za kila kitu kinachowekwa. Sabuni ngumu ikikaa mahali pakavu hudumu miaka mingi, ni kweli. Lakini harufu yake hufifia, na harufu za jamii ya limau na machungwa ndizo zitangulizazo kutoweka. Mafuta yaliyomo nayo yaweza kuchacha. Mwenye kuweka harufu kwa miaka 30 hujikuta mwishowe ameweka kopo.

Mkusanyo ni jambo la tatu, na mpaka wake hauko katika mwili wala katika hatari, bali katika ujuzi. Mwenye kukusanya stempu, au methali, au ala za muziki, hatulaumu wingi wake ikiwa anavijua vitu vyake: vilitoka wapi, vinatofautianaje, kipi kinapungua. Huyo ni mtunzaji. Siku anaponunua kitu na kugundua kwamba tayari anacho, hapo ujuzi wake umekwisha kuzidiwa na kabati lake, na jina la mkusanyo halimfai tena. Kinachobaki ni ulimbikizaji, neno la nne, ambalo hakuna ajiitaye kwalo.

Kinachomtoa mtu katika neno la kwanza hadi la nne si uovu mkubwa. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Unyemi wa kitu kipya huisha pale kinapokuwa si kipya, na dawa ya haraka ni kuleta kingine. Wakasema pia kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, wakimaanisha kwamba hakuna mchovyo mmoja uliolaumiwa kwa kulimaliza buyu. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot alilichunguza jambo hili katika insha fupi ya mwaka 1769, kuhusu joho lake kuukuu la kuvaa nyumbani. Alipata joho jipya zuri, na mara kiti, meza na picha za ukutani zikaonekana duni mbele yake. Akavibadilisha kimoja baada ya kingine, hata chumba kizima kikawa kinalitumikia joho. Joho lile la zamani lilikuwa likimtumikia yeye.

Lugha yetu yenyewe imelijua jambo hili. Kutosha ni sifa ya kitu: sabuni yatosha, unga watosha. Kutosheka ni hali ya mtu. Mzizi ni mmoja, lakini kauli ya kutendeka imeihamisha maana kutoka katika kitu hadi kwa mwenye kitu; na kila mwalimu ajua kwamba vitu vyaweza kutosha tangu zamani na mwenyewe asitosheke. Liko pia kukinai, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo katika Kiswahili lina maana ya kuridhika na vilevile maana ya kuchoshwa na kitu kwa kukipata mno. Pengine si bahati mbaya kwamba neno moja limebeba maana hizo mbili. Asiyejua kukinai kwa maana ya kwanza, mwisho hukinai kwa maana ya pili.

Yupo atakayesema kwamba swali lote hili ni rahisi, kwa kuwa wako watu wasio na sabuni hata ya kunawia mikono, na mwenye 200 anawadhulumu. Hoja hii yagusa moyo, lakini yahitaji kupimwa. Mtu wa Chicago akiacha kununua kipande kimoja cha sabuni yenye harufu ya sandali, kipande hicho hakimfikii mtoto asiye na sabuni. Kitabaki dukani, na fundi aliyekipika atakosa riziki ya siku hiyo. Fedha iliyookolewa ingeweza kumfaa mtoto, naam, lakini hilo ni kweli pia kuhusu fedha ya chai, ya magazeti na ya nauli ya kutembelea jamaa. Hatukatai wajibu wa kutoa. Tunasema tu kwamba kabati la sabuni peke yake halijamnyang'anya mtu kitu.

Lakini liko kabati linalonyang'anya, nalo liko karibu nasi kuliko la Chicago. Ni stoo ya vitabu. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, katika nchi ambamo kitabu cha Kiswahili hakipatikani kwa urahisi, tunajua thamani ya shehena inapofika: kamusi, vitabu vya sarufi, diwani na riwaya. Na tunajua pia yanayotokea mara nyingi. Vitabu huhesabiwa, hupigwa mhuri, hupangwa, kisha hufungiwa visichakae, na darasani wanafunzi watano wanasoma kitabu kimoja kilichong'oka jalada. Mwenye ufunguo akiulizwa, husema ni akiba. Akiba ya nini? Mwanafunzi wa kidato hiki hatakuwa na mwaka mwingine wa kidato hiki. Hapa ndipo neno lililotumiwa mahali pasipo pake linapomdhuru mtu mwenye jina, anayekaa umbali wa hatua 20 kutoka mlangoni. Sabuni iliyowekwa hupoteza harufu. Kitabu kilichofungiwa humpoteza msomaji, na msomaji harudi.

Kwa hiyo jibu letu si namba moja kwa watu wote. Aristotle huyo huyo, katika kitabu chake cha maadili, alionya kwamba kiasi si nusu ya hesabu. Ikiwa ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, haifuati kwamba kila mtu apewe sita. Mpiganaji wa mieleka aliyebobea zitampungukia, na anayeanza mazoezi zitamzidi. Kiasi hutazama mtu na kazi yake. Mwenye kunyoa awe na sabuni nne, au tano. Mwenye hofu kwamba aipendayo itaacha kupikwa aongeze za miaka miwili au mitatu, na aziandike, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye kukusanya awe na nyingi kadiri anavyoweza kuzijua, na asione haya kujiita mkusanyaji. Ila asije akasema kwamba ananunua kwa sababu ya kunyoa.

Na sisi walimu tuna makabati yetu. Tunapendekeza kila mmoja afungue la kwake, nyumbani na shuleni, na kwa kila kitu kilichomo aulize: hiki ni cha matumizi, ni akiba, au ni mkusanyo? Kikikosa jina kati ya hayo matatu, na yuko mtu wa karibu ambaye kwake kingepata jina la kwanza, basi swali la wingi limekwisha kujibiwa. Kilichobaki ni kukitoa, kabla muhula haujakwisha.